Taa juu ya tangi la samaki: uchambuzi wa kisa kimoja cha nyumba ya kupanga, Ilazo, Dodoma

Tangi ni la kioo cha milimita 10, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50. Liko sebuleni katika nyumba ya kupanga huko Ilazo, juu ya stendi ya chuma yenye kimo cha sm 75. Ndani wamo samaki aina ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika, mawe mengi, mimea ya Anubias iliyofungwa kwenye mawe hayo, na safu ya mimea mirefu ya Vallisneria nyuma. Kwa Dodoma uchaguzi huo ni wa busara. Maji ya bomba hapa kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, nayo ni magumu, yaani yana chokaa nyingi; samaki wa Tanganyika ndiyo maji waliyoyazoea. Anayeng'ang'ania samaki wa maji laini mjini hapa anajitafutia kazi ya kila wiki.

Taa ni LED ya wati 40, urefu sm 110, upana 12, unene 3, uzito kilo 2.2. Balbu zake zimepangwa mstari mmoja katikati, na pembe ya mwanga ni nyuzi 120. Ilikuwa imelazwa juu ya kioo cha kufunikia tangi, kama ilivyo katika nyumba nyingi.

Malalamiko ya mama mwenye tangi hayakuwa ya mwanga hata kidogo. Alisema amechoka kuhamisha taa. Kulisha asubuhi, aisogeze. Kulisha jioni, aisogeze tena. Siku ya kubadilisha maji, ambayo ni lita 60 kila wiki, ndoo tatu za lita 20, taa inatolewa kabisa na kulazwa kwenye kochi huku waya ukivutika kutoka kwenye soketi. Hatimaye iliteleza akiwa anakamata samaki, ncha yake ikazama majini, na tangu siku hiyo balbu za upande wa kushoto haziwaki. Fundi aliyeitwa kwanza alisikia neno "taa" akaanza kuangalia dari. Kumbe tatizo lilikuwa mkono: mkono mmoja umelowa, mwingine umeshika wavu, na hakuna wa tatu wa kuondoa taa.

Vimo viwili visivyopatana

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na ndipo wengi wanaporuka.

Taa yenye pembe ya nyuzi 120 inatupa mwanga nyuzi 60 kila upande wa mstari wa katikati. Zidisha kimo cha taa juu ya maji kwa 1.73, utapata umbali ambao mwanga unafika kila upande pale usoni mwa maji. Tangi la upana wa sm 45 lina sm 22.5 kutoka katikati hadi kioo. Gawanya 22.5 kwa 1.73: jibu ni 13. Yaani taa ikikaa sm 13 juu ya maji, mwanga unafunika uso wote wa maji na haumwagiki nje.

Ikiwa juu ya kioo cha kufunikia, taa hii ilikuwa sm 6 tu juu ya maji. Mwanga ulifika sm 10.4 kila upande, ukanda wa sm 21 hivi kati ya 45. Dalili zilikuwa wazi kwa anayetazama: mwani wa kijani uliota kwa mstari juu ya mawe ya katikati, na Vallisneria wa nyuma, waliofika juu, walikuwa na ncha za njano na wote wameinamia mbele. Mama alidhani wamekosa mbolea, akaongeza mbolea, mwani ukamshukuru.

Sasa upande wa mkono. Wavu wa upana wa sm 20 ukitoka majini na samaki ndani unahitaji kama sm 35 za nafasi wazi juu ya maji, ama sivyo utagonga kitu na samaki ataruka. Ukiiacha taa ikae sm 35 moja kwa moja, hesabu ile ile inatoa sm 60 kila upande. Ukanda wa mwanga una upana wa sm 120, tangi ni 45. Kinachobaki kinaangukia ukutani, sakafuni, na machoni mwa anayetazama taarifa ya habari kwenye kochi.

Basi 13 ndicho kimo cha taa na 35 ndicho kimo cha mkono. Watu huchagua 22 au 25 katikati, na wanaishia kukosa vyote viwili. Taa inatakiwa ihame kati ya vimo hivyo, kwa mkono mmoja, kwa mwendo mmoja, na ikifika juu ibaki inawaka na inatazama chini, kwa sababu anayefanya kazi ndani ya tangi anahitaji kuona.

Njia zilizokataliwa

Kuning'iniza kwenye dari kwa waya na kapi ndiyo fikra ya kwanza ya kila fundi, na si mbaya kwenye nyumba yako mwenyewe. Tatizo la kwanza ni dari lenyewe. Jipsamu haishiki mzigo unaovutwa na kuachiwa kila siku. Skrubu inalegea, unga mweupe unaanza kudondoka, na unadondokea kwenye tangi. Lazima utafute fito ya mbao ya inchi 2 kwa 2 inayobeba dari, na fito haziko pale tangi linapotaka. Pili, hii ni nyumba ya kupanga. Tatu, upepo. Miezi ya kiangazi madirisha ya Dodoma yakifunguliwa, taa iliyoning'inia kwa waya mbili inayumba, na vivuli vinakimbia ndani ya tangi mchana kutwa. Samaki hawatulii.

Mabano ya ukutani yangefaa. Ukuta ni tofali za sementi zilizopigwa plasta, fisha (plagi ya plastiki ya kushikia skrubu) ya milimita 8 inashika vizuri. Yalikataliwa kwa sababu moja tu: mwenye nyumba hataki matundu.

Mkono wa bawaba unaofunguka kama boneti ya gari ndio uliokaribia kujengwa. Fundi wa kuchomelea aliupenda kwa kuwa ni rahisi: bawaba mbili nyuma, unanyanyua, taa inasimama wima. Kabla ya kukata chuma aliombwa afanye mfano kwa vipande vya mbao na tochi. Dakika tano zilitosha. Taa ikinyanyuka kwa bawaba, tumbo lake linageuka mbele, kwa hiyo wati 40 za LED zinamulika usoni mwa anayefanya kazi huku tangi likibaki giza. Tunasisitiza mfano wa mbao: fito mbili na misumari minne vinaokoa chuma cha siku nzima.

Kilichojengwa

Nguzo mbili zimefungwa nyuma ya stendi, na kila nguzo imeshika mikono miwili ya flatibari (chuma bapa) iliyo sambamba, mmoja juu ya mwingine. Mikono inashika boriti nyepesi, na boriti inabeba taa. Kwa kuwa mikono ni miwili na ina urefu sawa, boriti ikipanda haigeuki. Inakwenda juu na nyuma kwa pamoja huku taa ikiendelea kutazama chini.

Vipimo ni hivi. Nguzo ni skwea paipu ya milimita 25 kwa 25, unene 1.5, kila moja sm 106, kutoka sm 40 juu ya sakafu hadi sm 146. Zimeachana sm 80. Kila nguzo inashikwa kwenye fremu ya stendi kwa boliti mbili za M8 (unene milimita 8), moja juu na moja chini. Boliti moja haitoshi, nguzo itazunguka. Kati ya nguzo na kioo cha nyuma kuna sm 1. Nafasi hiyo ibaki. Chuma kisiguse kioo, na taa isibebwe na kioo wala na silikoni: tangi hili likijaa lina maji ya kilo 235 hivi, na kioo kilichobeba msukumo huo hakitaki kusukumwa na kitu kingine pembeni.

Mikono minne ni flatibari ya milimita 20 kwa 3, matundu sm 25 kati ya kitovu na kitovu. Kila kipande kimekatwa sm 29 ili kibaki na sm 2 nje ya kila tundu. Hizo sm 25 zimetoka wapi? Katikati ya tangi ni sm 22.5 kutoka kioo cha nyuma, ongeza sm 1 ya nafasi na nusu ya unene wa nguzo. Matundu ya mikono minne yatobolewe pamoja, flatibari zikiwa zimebanwa kwenye jiliwa moja. Ukipima kila kipande peke yake, tofauti ya milimita 2 itaifanya taa ipande ikiwa imeinama upande mmoja.

Kwenye nguzo, tundu la juu na la chini yameachana sm 6, na vivyo hivyo kwenye bamba za mwisho za boriti. Mikono ikilala, taa iko sm 13 juu ya maji. Ikinyanyuliwa hadi nyuzi 60, taa inapanda karibu sm 22 na kurudi nyuma sm 12.5. Yaani iko sm 35 juu ya maji, na ukingo wake wa mbele umefika sm 16 kutoka kioo cha nyuma. Sm 29 za mbele ziko wazi kabisa juu. Usilazimishe zaidi ya hapo. Kadiri mikono inavyopanda ndivyo inavyokaribiana, na kwa vipimo hivi ikifika nyuzi 70 flatibari zinagongana.

Boriti ni alumini ya milimita 20 kwa 20, na hapa hakuna mjadala. Kila kinachokaa juu ya maji kiwe alumini, stenles au plastiki, au chuma kilichopakwa rangi barabara kama ile mikono. Chuma kisicho na rangi juu ya mvuke hushika kutu, magamba yake yanadondoka. Paipu iliyopakwa zinki ni mbaya zaidi, kwa kuwa matone yanayorudi majini yanabeba zinki, na zinki ni sumu kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Nguzo na mikono vilisuguliwa, vikapigwa redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mara moja na rangi ya mafuta mara mbili. Rangi ipakwe baada ya kutoboa, si kabla. Ndani ya tundu lisilo na rangi ndimo kutu inakoanzia.

Skwea paipu inauzwa kwa kipande cha mita 6, hivyo kimoja kinatosha nguzo na kinabakiza. Mabaki msiyatupe, yatahitajika muda si mrefu.

Yaliyoharibika

Fundi alitaka taa ibaki juu kwa gesi za makabati ya jikoni, zile fimbo mbili zinazoshikilia mlango wa kabati. Alifunga mbili zilizoandikwa 100N (nguvu ya nyutoni 100), sm 8 kutoka kwenye egemeo, yaani pale mkono unapozungukia kwenye nguzo. Mama alipoachia taa, ilipaa yenyewe hadi juu na kugonga kizuizi. Hesabu inaeleza. Taa na boriti ni kama kilo 3.2, kwa mkono wa sm 25 zinavuta chini kwa nguvu ya takriban nyutoni-mita 8. Kila gesi ilisukuma juu karibu 8 pia, nazo zilikuwa mbili. Alipoondoa moja, fremu ikajipinda kwa kusukumwa upande mmoja. Gesi zote zikaondolewa.

Mahali pake kuna kipande cha flatibari cha sm 12 kinachoning'inia kwa boliti kwenye mkono wa chini wa kulia. Mwisho wake umekatwa pengo kwa grainda, na kwenye nguzo kuna pini. Taa ikipanda, kipande kinaburuzika juu ya pini, kikifika pengo kinadondoka kwa uzito wake na kushika: unasikia "tak". Kushusha, nyanyua kidogo, kisukume kwa kidole gumba, teremsha. Mkono mmoja. Chini kuna boliti inayotokeza kwenye kila nguzo ili mikono ilale juu yake. Bila hiyo taa ingeshuka hadi kwenye kioo. Mpira wa kandambili uliokatwa na kuvishwa boliti hizo uliondoa kelele za chuma kwa chuma.

Kosa la pili lilijitokeza baada ya siku chache za matumizi. Mama ananyanyua kwa mkono wa kulia, akishika mwisho wa boriti, kwa hiyo upande wa kulia ulitangulia na wa kushoto ukafuata kwa kusitasita. Fremu ikawa inakwenda mshazari na matundu yakaanza kupanuka. Dawa ni kuifanya mikono miwili ya chini iwe kitu kimoja: kipande cha skwea paipu kutoka kwenye yale mabaki, cha urefu wa karibu sm 80, kilichomelewa kutoka mkono wa chini wa kushoto hadi wa kulia, sm 5 mbele ya egemeo. Tangu hapo unaweza kunyanyua kwa mwisho wowote. Kazi hiyo ilibidi ifanyiwe karakana, si sebuleni. Cheche za kuchomelea juu ya kioo huacha vidoa visivyotoka, na pahala pa kidoa ndipo ufa huanzia.

Nati za kawaida zilijifungua. Zimebadilishwa kwa nati zenye pete ya plastiki ndani, boliti 8 za M6 zikiwa na washa pande zote mbili za kila flatibari. Kaza hadi mchezo uishe, kisha rudisha robo mzunguko. Ukikaza sana mkono haushuki kwa uzito wake.

La mwisho lilionwa na waliokaa kwenye kochi. Taa sasa iko sm 8 juu ya ukingo wa tangi, si juu ya kioo, hivyo mtu aliyeketi anaona mstari wa balbu kupitia uwazi huo. Ukanda wa alumini wa sm 3 umefungwa ukingo wa mbele wa taa kama kisitiri. Uko sm 6 mbele ya mstari wa balbu, kwa hiyo unakata miale inayozidi nyuzi 63 tu. Ile 60 inayofika kwenye maji haiguswi. Wenye taa ya mistari mitatu au minne hawawezi kunakili kipimo hiki. Wapime kutoka mstari wa nyuma kabisa na pia wa mbele kabisa.

Umeme

Waya wa taa unapita ndani ya nguzo ya kushoto, unatokea karibu na egemeo, na pale umeachiwa mzunguko wa sm 15 usiofungwa. Waya uliofungwa bila ulegevu kwenye kiungo kinachocheza hukatika ndani, huku ganda la nje likionekana zima, na utatafuta tatizo wiki nzima. Adapta ya volti 24 imefungwa ubavuni mwa stendi, juu ya usawa wa soketi; chini ya tangi ndiko maji yanakodondokea ndoo ikimwagika. Kila waya unaokwenda kwenye soketi unashuka kwanza chini ya soketi ndipo unapanda kuingia, ili tone linalofuata waya lidondokee sakafuni.

Stendi na nguzo ni chuma, na ndani ya maji kuna hita ya volti 230. Fremu imeunganishwa na waya wa ethi, na soketi inalindwa na swichi inayokata umeme ikihisi mvujo wa miliampia 30. Hilo la pili si la hiari.

Taima ya kuzunguka ilitolewa. Umeme ukikatika saa mbili, nayo inachelewa saa mbili, na baada ya mikatiko kadhaa tangi linapata mchana usiku wa manane. Ya dijitali yenye betri ndani inatunza saa. Imewekwa saa 8 kwa siku, saa 6 mchana hadi saa 2 usiku, kwa kuwa jioni ndipo familia iko nyumbani.

Kifuniko na vumbi

Kioo cha kufunikia hakikuondolewa. Sikilidi huruka, na hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi inakunywa maji: kila sm 1 inayopungua kwenye tangi hili ni lita 5.4, na kinachobaki ni chokaa ile ile ndani ya maji machache zaidi. Kioo kimekatwa vipande viwili vya milimita 5, ili cha kulia kitolewe peke yake kwa kulisha. Chini yake chokaa hujijenga kwa matone na kuzuia mwanga. Kifutwe kwa siki, nje ya tangi, kisuuzwe ndipo kirudi.

Mgongo wa taa una mapezi ya alumini ya kupoza, nayo yanakusanya vumbi jekundu kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza. Brashi kavu ya kupakia rangi kila wiki mbili, kifuniko kikiwa mahali pake, inatosha. Kitambaa chenye maji hugeuza vumbi kuwa tope katikati ya mapezi.

Kuna kona moja ambayo mpango huu haukuifikia vizuri: nyuma kushoto, palipo na mabomba ya filta. Taa ikiwa juu bado inakaa usawa wa uso wa anayeinama pale, hasa mtu mfupi anayesimama juu ya kigoda. Kwa kazi ya kona hiyo taa inatolewa. Imeshikwa kwenye boriti kwa nati mbili za mabawa, na waya una kiunganishi karibu na nguzo. Inalazwa juu ya meza kifudifudi, balbu zikitazama chini juu ya taulo, na adapta ikiwa imechomolewa kabla ya kiunganishi kuguswa.